Herufi Moja Kifuani

Je, neno lililoandikwa vibaya likitumika miaka mingi, bado ni kosa? Swali hilo lilininyima usingizi, na yote kwa sababu ya herufi moja. Klabu yetu ya mpira hapa Garissa inaitwa Bamoja. Ilikusudiwa kuwa Pamoja. Kwa sisi ambao lugha yetu ya kwanza ni Kisomali, P hugeuka B kabla haijatoka mdomoni, na waanzilishi walipomtajia mchora mabango jina la kuandika kwenye fulana, yeye aliandika alichosikia. Sasa tulikuwa tumealikwa kwenye mashindano ng'ambo ya daraja la mto Tana, pale ambapo wazee wetu mpaka leo wanapaita Kenya, kana kwamba sisi tuko kwingine. Fulana mpya zilikuwa zichapishwe, na mimi, katibu, ndiye niliyetakiwa kupeleka jina dukani.

Ukatibu nilipewa kwa sababu moja tu: nina digrii na sina kazi. Mwenyekiti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alinipa maagizo bila kunitazama, huku akimkatia mteja waya.

"Andika P," alisema. "Siwezi kupeleka timu kule na kosa kifuani. Watatucheka hata kabla ya filimbi."

Nikamuuliza kama wazee wameshauriwa. Akasema wazee hawavai fulana.

Mzee aliyebaki na neno juu ya jambo hilo alikuwa mmoja: mjomba wangu, kaka wa mama, nahodha wa kwanza wa Bamoja, ambaye sasa anauza nyama ya ngamia sokoni. Habari zilimfikia kabla sijajua nitamwambiaje. Nilimkuta ananingoja uwanjani, ule uwanja wa vumbi nyuma ya soko la mifugo ambako kazi ya kwanza ya mazoezi ni kuokota miiba ya miti ya mathenge isije ikatoboa mpira. Alisimama katikati ya wachezaji na hakunisalimu. Kwetu mjomba na mpwa huitana abti, neno lilelile kwa wote wawili, na tangu utotoni nimelisikia kwa upendo. Siku ile lilitua kama kofi.

"Abti, wewe nasoma mingi," alisema. "Sasa naona haya ya mdomo ya mama yako?"

Wachezaji wakaangua kicheko. Winga wetu, kijana mwenye maringo mengi kuliko magoli, akamwomba mjomba aseme "penalti". Aliposema "benalti" wakacheka zaidi. Mjomba akaokota mpira akamtupia kifuani kwa nguvu hadi akarudi nyuma.

"Wewe cheza," akamwambia. "Mdomo achia sisi."

Kisha akanieleza, akiwa amenipa mgongo, mambo ambayo nyumbani hakuwahi kuyataja. Mechi yao ya kwanza ilikuwa dhidi ya timu ya maofisa wa serikali, watu wa bara. Mashabiki wa maofisa waliposoma fulana zetu walianza kulia kama mbuzi, baaa-moja, baaa-moja, kila mmoja wetu alipogusa mpira. Beki wao akamuuliza mjomba kama amekuja kucheza au kuchunga. Kipindi cha pili mjomba akafunga, na watu wetu, ambao hadi hapo walikuwa wameinamisha vichwa, wakaudaka mlio uleule wakautupa upande wa pili. Mechi iliisha kwa mawe. Kovu lililo juu ya jicho lake, ambalo nilidhani ni la ngamia, ni la siku hiyo.

Kesho yake mchora mabango alikuja na kopo la rangi nyekundu, amejawa na aibu, atengeneze herufi bila malipo. Walilichukua kopo. Rangi wakaipaka kwenye miti ya goli.

"Kosa ilikuwa siku moja," mjomba alisema. "Siku ya bili, sisi nachagua."

Mtu mwingine angeridhika. Mimi nilikwenda kukagua. Miti ile ya goli, magogo ya mikoma kutoka kando ya Tana, iling'olewa zamani yakawekwa mabomba ya chuma, na gogo moja limekuwa benchi la wachezaji wa akiba. Wenzangu walipoondoka nililikwangua kwa ukucha mpaka nikaona wekundu ndani ya nyufa. Papo hapo nikajiambia kwamba rangi haithibitishi kitu. Huenda ilikuwa ya mlango. Huenda mjomba alipata aibu, kisha kwa miaka akaishonea aibu hiyo nguo ya fahari. Nikamchukia kwa kunitia shaka. Nikamchukia na mwenyekiti kwa kutokuwa nayo hata kidogo.

Moyoni nilikuwa upande wa P, na najua tangu lini. Mwaka wa kwanza chuoni, Nairobi, nilisimama darasani kuunga mkono hoja ya mwenzangu nikasema, "Mimi bia nakubali." Mwislamu, mtoto wa Garissa, sijawahi hata kushika chupa, nikaitwa Bia. Nikaanza kufanya mazoezi chumbani, karatasi mbele ya midomo: ikitikisika ni P, ikitulia ni B. Mwaka haukwisha kabla karatasi yangu haijaanza kuruka. Na bado, siku ya mahafali, joho limenikaa vizuri, sauti ilitoka safu ya nyuma: "Hongera, Bia."

Niliikumbuka sauti hiyo nikiwa nimekaa juu ya gogo, na hasira ikanipanda upya, safi kabisa. Niliwapa P yao na hawakunirudishia jina langu. Tungevuka daraja na Pamoja kifuani, mjomba angesimama pembeni akiwaamuru vijana watoe pasi, "Basi! Basi!", na wale wangeuliza kama mechi imekwisha. Hawakuwa wanacheka herufi.

Asubuhi nilikwenda kwenye duka la kuchapisha. Kijana wa kwenye mashine, mtu wa bara, alisoma nilichomtumia kwenye simu akatabasamu.

"Bosi, hapa umeteleza. Si ni Pamoja?"

Simu yangu ilikuwa inaita. Mwenyekiti. Nikaiacha iite.

"Ni B," nikamwambia. "B ya bia."

Akatazama kofia yangu ya sala, kisha akatafuta mzaha usoni mwangu. Hakuupata. Akatandaza fulana ya kwanza, akaishusha mashine juu yake.