Siku Niliyopunguza Tabo Ikazidi

Homa Bay kuna watu ambao mpaka leo wakiniona sokoni wananiuliza trekta yangu iko wapi, na mimi sijawahi kuwa na trekta, mimi ni fundi wa magari wa Migori, basi nacheka nao huku masikio yanawaka moto. Heri niwaambie mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati magari ya mitumba kutoka Japani yameanza kujaa huku kwetu. Jirani yangu, Mwalimu Okech, alinunua stesheni wagon moja yenye tabo (kile chombo kinachozungushwa na moshi wa injini ili kisukume hewa zaidi ndani, gari inapata nguvu ya ajabu). Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameiongeza presha ya hiyo tabo kupita kiasi, na kila ikipanda mlima injini ilikuwa inagonga kama mtu anatikisa kokoto kwenye debe. Fundi mmoja wa Kisii alimwambia presha ipunguzwe upesi kabla injini haijakufa. Mwalimu akaniletea mimi Ijumaa mchana, kwa sababu Jumapili binti yake Akinyi alikuwa anaolewa Homa Bay, na gari hiyo ndiyo ingembeba.

Sasa mimi nilikuwa nimekulia kwenye malori ya zamani. Tabo ya gari ndogo sikuwa nimeigusa hata kwa kidole. Ningesema tu sijui, yangeishia hapo.

"Fundi, hii unaijua?" Mwalimu aliniuliza.

"Mwalimu, hiyo niachie."

"Yule wa Kisii alisema kuna kijiti cha chuma hapo pembeni, nafikiri kinaref—"

"Mwalimu," nikamkata, "wewe ukifundisha hesabu, mimi huwa nakuja kukushikia chaki?"

Akacheka, akaniachia funguo. (Mtu mpole sana, na upole wake ndio unaniuma mpaka leo.)

Kijiti nikakipata, kina nati ya kukirekebisha. Ukikirefusha, kilango cha kutoa moshi kinafunguka mapema na presha inashuka. Hayo nayajua leo. Siku ile nilijiambia kwamba kupunguza ni kufupisha, jambo la wazi kabisa, kwa hiyo nikakifupisha, tena nikaongeza mizunguko michache ya kumfurahisha mteja. Mwalimu ni Msabato, jua lilikuwa linazama na Sabato inaingia, kwa hiyo tuliijaribu mara moja tu, pale kwenye tambarare nje ya mji. Yawa, gari iliruka! Mwalimu akafurahi mpaka akaniomba niwe dereva wa bibi harusi. Nikakubali, nikaazima koti.

Jumapili tukatoka, mimi na Mwalimu mbele, Akinyi na msimamizi wake nyuma, shela imejaa kiti chote. Wengine wote walikuwa wametangulia na lori la kwaya. Kwenye dashibodi kulikuwa na saa ndogo ya kupima presha, na tulipofika Awendo nikaona sindano imepita mstari mwekundu.

"Hiyo sindano vipi?" Mwalimu akauliza taratibu.

"Imezoea kusoma vibaya, Mwalimu."

Baada ya Rongo nikaanza kusikia zile kokoto kwenye debe, kubwa kuliko mwanzo. Nikaongeza sauti ya kaseti ya nyimbo za kanisa. Kokoto zikazidi kwaya. Karibu na Rodi Kopany, katikati ya mlima, tukasikia *paa!* na moshi mweupe ukafunika gari yote, maua na riboni ndani yake.

Gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji yasiingie ndani ya silinda, ilikuwa imekwisha. Watu wakatoka senta ya maduka mbio, wanawake kwa watoto, kuangalia harusi iliyokwama. Matatu mbili zikapita zimejaa hadi mlangoni. Mimi nimeinama chini ya boneti najifanya natafuta kitu, koti la watu limejaa maji ya redieta, na saa ya kanisa imeshapita. Simu za mkononi hazikuwepo. Baadaye tuliambiwa kwamba kule kanisani shangazi wa bwana harusi alikuwa ameanza kusema bibi harusi ametoroka, na Otieno, bwana harusi mwenyewe, ametoka nje kusimama barabarani peke yake.

Akinyi hakulia. Alishuka, akainua gauni, akasimamisha trekta iliyokuwa inatoka kulima.

"Baba, leo nafika," akasema. "Hata tukivutwa."

Tukavutwa. Saa nzima na zaidi nyuma ya trekta, mwendo wa ng'ombe, vumbi na moshi, mimi nimeshika usukani wa gari iliyokufa. Otieno alipotuona alikimbia kando ya dirisha mpaka mlangoni mwa kanisa, akitokwa na machozi.

Kwenye karamu, mwendesha sherehe akasema dereva shujaa asimame, amemfikisha bibi harusi wetu! Watu wakapiga makofi. Mama yake Otieno akaniwekea firigisi, kipande cha mgeni wa heshima. Nikaisukuma kando. Nikasimama.

"Mimi si shujaa. Mimi ndiye niliyeua hiyo gari. Niliambiwa nipunguze, nikaongeza, na sindano ilinionyesha nikaisingizia."

Mwalimu Okech akainuka.

"Na mimi niliiona hiyo sindano," akasema. "Nilisikia inagonga. Niliogopa kumuuliza fundi mara ya pili nisionekane mjinga. Kwa hiyo tuliiua wawili. Keti ule, nyathina."

Nyathina, mwanangu. Hapo ndipo nililia, mbele ya kwaya nzima, nikijipangusa kwa koti la kuazima.

Nilikaa kwa kina Otieno siku nne nikiifungua ile injini, na safari hii nilimwita yule fundi wa Kisii, nikasimama pembeni nikamshikia spana. Tangu siku hiyo gari ikija na kitu nisichokijua, namwambia mwenye gari nikimtazama machoni: sijui, ngoja niulize. Wengine huwa wanageuza wanaenda kwa fundi mwingine. Nawaacha waende.