Bishnumaya na Geji ya Nima

Sisi wa Manebhanjang tulimjua Bishnumaya Rai kama mtengeneza redio. Alirithi kibanda cha baba yake juu ya stendi ya Land Rover, pamoja na mita ya umeme yenye kioo kilichopasuka. Simu za mkononi zilipoingia, watu wakaacha kuleta redio. Mimi nilikuwa nauza chai mlango wa pili, na nilidhani atafunga ahamie kwa dada yake Darjeeling. Hakufunga. Alishuka stendi na bisibisi mfukoni, akaanza kuwatengenezea madereva taa na honi.

Magari yetu yana umri mkubwa kuliko wengi wanaoyaendesha. Yalikuwa ya mashamba ya chai, na tumeyabadilisha injini tukaweka za dizeli, lakini njia ya mawe ya kupanda mlima Sandakphu bado hayaiogopi. Madereva walimpokea Bishnumaya kwa utani. Mmoja alimuuliza, gari likikohoa atalitafutia stesheni gani? Bishnumaya akamjibu kwamba likikohoa alipeleke kwa fundi wa injini, ila likianza kumdanganya alilete kwake.

Mwaka ule, mwezi wa Machi, gari la Nima Tsering lilizimika kwenye theluji mbele ya Kalipokhri likiwa na abiria watano. Geji ilionyesha nusu tangi. Tangi lilikuwa kavu. Abiria walitembea saa mbili kurudi kwenye nyumba za wageni, na mama mmoja mzee ilibidi Nima ambebe mgongoni hadi mlangoni. Ilikuwa mara ya tatu tangu mvua ziishe.

Harkaman Subba, mwenyekiti wa chama cha madereva, aliliondoa gari la Nima kwenye zamu. Hilo Nima angelivumilia. Kilichomuuma ni maneno aliyoyasema Harkaman mbele ya wenzake, kwamba geji haiwezi kukosea mara tatu, ila dereva anaweza kunyonya mafuta na kuyauza ng'ambo ya barabara, upande wa Nepal. Nima ni mtu mkimya. Alikaa siku nne ndani, kisha akaja kwa Bishnumaya na boya jipya la tangi alilonunua Siliguri, bado limefungwa kwenye karatasi.

"Dada, wanasema nanyonya mafuta."

"Unanyonya?"

"Sinyonyi."

"Basi leta gari. Na hilo boya usilifungue, huenda ukalirudisha."

Bishnumaya alilifungua mwenyewe kwanza, maana alitaka kulipima. Boya la tangi ni kitu chepesi: mkono wa waya wenye kopo linaloelea, na juu yake kipande kinachobana au kulegeza umeme unaokwenda kwenye geji kadiri mafuta yanavyopanda na kushuka. Bishnumaya aliunganisha mita, akainua mkono, akaushusha. Namba zilikuwa ndogo boya likiwa juu na kubwa likiwa chini. Akatikisa kichwa. Alimweleza Nima kwamba geji yake ni ya zamani na inataka kinyume chake, ndogo tangi likiwa tupu na kubwa likijaa. Angefunga hilo, angepanda mlima akiona mafuta yanaongezeka njiani.

Kufikia hapo madereva walikuwa wamezunguka gari, na Harkaman mwenyewe akaja na glasi yake ya chai. Bishnumaya hakumtazama. Aling'oa kiti cha dereva, maana tangi liko chini yake, akachomoa waya wa boya. Sindano ya geji ikapanda hadi mwisho. Akaugusisha waya ule kwenye chuma cha gari, sindano ikalala kabisa. Akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba geji ni nzima na waya ni mzima.

"Basi limebaki boya," Harkaman alisema. "Au dereva."

"Vimebaki vitu vitatu, kaka. Ngoja nimalize."

Akapima kutoka kwenye boya hadi kwenye bati la tangi. Tangi lilikuwa karibu tupu, na mita ikasoma tatu. Sawasawa. Kisha akaacha ncha moja ya mita palepale, na ile nyingine akaitoa kwenye tangi na kuigusisha kwenye chesisi, fremu ya chuma iliyobeba gari. Mita ikasoma arobaini na moja.

Alimwita Nima aje asome mwenyewe. Tangi lilikuwa halishikani na gari. Umeme unaotoka kwenye boya lazima urudi kupitia chuma cha gari, na hapa ulikuwa unapenya kwa shida kwenye boliti moja yenye kutu. Shida ile ilikuwa inajumlishwa kwenye hesabu ya boya, na geji ikidhani ni mafuta.

"Nani alilishusha tangi hili?" aliuliza.

Nima akainamisha kichwa. Alilishusha mwenyewe baada ya mvua, likazibwa tundu, akalipaka lami mara mbili lisiote kutu, akalikalisha juu ya vipande vya mpira lisigongegonge. Alikuwa amejivunia kazi ile.

"Umelitunza mpaka umelitenga," Bishnumaya alimwambia, na kwa mara ya kwanza wiki ile Nima akacheka.

Bishnumaya alikwangua lami kwenye ukingo wa tangi mpaka chuma kikang'aa, akafunga waya mnene kutoka pale hadi kwenye chesisi. Mita ikasoma tatu kotekote.

Harkaman alisema stendi si mlima. Bishnumaya akamwambia apande gari, wajaze nusu tangi waende Meghma na kurudi, wapandishe tena mpaka geji ifike robo, kisha wamwage mafuta yote na kuyapima. Akapanda nyuma bila kungoja jibu.

Kwenye mwinuko wa Chitrey sindano ilipanda. Harkaman akageuka kumtazama. "Linajijaza lenyewe. Tumepata kisima."

"Gari limelala, na mafuta yamelala nalo. Geji husomwa tambarare, kaka. Miaka yote hii hukujua?"

Nima aliendesha huku akikaza macho barabarani, asionekane anatabasamu.

Mara ya pili walipofika Meghma, kwenye uwanja ulio sawa, sindano ilisimama kwenye robo. Wakafungua tangi wakamwaga kwenye madumu. Tangi lile hubeba lita arobaini na tano. Zilitoka kumi na moja na kidogo. Harkaman aliyatazama madumu, akaenda kula sahani nzima ya momo, vile vifuko vya unga vyenye nyama.

Jioni alisimama stendi, mbele ya watu walewale, akasema kwamba alimtaja Nima kwa jambo ambalo hakulifanya, na kwamba kesho gari lake ni la kwanza kwenye zamu. Nima alimpa mkono. Boya la Siliguri lilirudi dukani na basi la asubuhi.

Wiki iliyofuata Harkaman alikuja kibandani, akasimama mlangoni akizungukazunguka na habari za baridi. Hatimaye akasema geji yake imekufa mwaka wa kumi na moja sasa.

Bishnumaya alikuwa ameshika bisibisi mdomoni. Aliitoa, akamwonyesha magari matatu yaliyokuwa yamepangwa nje.

"Wewe ni wa nne," alisema. "Ng'oa kiti kabisa wakati unasubiri."

Harkaman akavua koti, akaenda kung'oa kiti.