Kosa Lenye Kitufe Chake

Bwana mmoja ni fundi wa programu ya bure ya kuandikia nota za muziki, ambayo yeyote duniani ana ruhusa ya kuifungua na kuikarabati. Kuimba, mkewe anaapa, huimba kama bawaba kavu. Akifikiri hudonoa meza kwa kidole, hata wakiwa wanakula, na watu asiowajua wanaomwandikia kuhusu programu huwajibu kwa upole: "Asante, ndugu, hilo kosa nitalitazama." Bomba la jikoni linavuja, hilo halitazami. Jana jirani yao, mwalimu wa kwaya, aliingia bila hodi.

"Baba, kile kimya cha ubeti wa pili wa wimbo wetu kimekwenda wapi?"

"Lilikuwa kosa la programu, mwalimu. Nimeliondoa."

"Kosa? Kwaya nzima imejifunza wimbo kwa kuisikiliza hiyo kompyuta, na pale kwenye kimya ndipo watu wanapolia! Rudisha!"

Kidole kilichokuwa kikidonoa meza kikasimama. Kufikia jioni alikuwa amelirudisha lile kosa, tena kaliwekea kitufe, anayelitaka abonyeze.

"Na bomba je," mkewe akauliza, "nalo lina mashabiki?"

Mume akatega sikio upande wa jikoni. Kidole kikaanza kudonoa, tone kwa tone.

"Mke wangu," akasema, "hilo halijakosea pigo hata moja."