Ukuta Uliopata Jua

Siku yangu ya kwanza kazini sikuchora chochote. Nilitoka kwetu Kaloleni asubuhi na mapema, nimevaa gauni la kanisani, nikaingia karakana moja ya Bondeni iliyochora picha za kupamba mahoteli. Msimamizi alinitazama, akanipa aproni na ndoo ya rangi nyeupe. "Paka msingi," akasema. Msingi ni rangi nzito inayotandazwa juu ya turubai ili kitambaa kisinywe rangi za picha.

Pale nilijifunza kwamba picha ya mandhari haimaliziki kwa mkao mmoja. Unaanza na rangi nyepesi iliyozimuliwa kwa tapentaini, upange wapi giza na wapi mwanga. Ikikauka unarudi, unaongeza tabaka. Palipokosewa unakwangua kwa kisu kipana. Msimamizi alikuwa mkali wa vivuli. "Nani kakwambia kivuli ni cheusi? Nenda kakitazame tena." Nami nilikwenda kwa hamu. Kumbe kivuli cha ukuta wa mawe ya matumbawe asubuhi kina usamawati, na jua likipinda huingia zambarau.

Baadaye nilihamia ofisi moja ya maonyesho kule Kizingo. Mkurugenzi alitaka picha kubwa ya Mji wa Kale, itundikwe ukumbini. Bi Rukia, mama mmoja mjane, aliniruhusu kuchorea juu ya paa la nyumba yake, lililo tambarare. Mbele yetu ilisimama nyumba ndefu yenye roshani ya mbao, ya mababu zake, isiyokaliwa tena. Picha nzima niliijenga kuizunguka nyumba hiyo.

Mvua za masika zikaiangusha nyumba hiyo. Namshukuru Mungu haikumdhuru mtu. Nilipopanda paani nilimkuta Bi Rukia kasimama, mtandio umemwanguka mabegani.

"Pole, Bibi."

"Nishapoa, mwanangu. Wewe je, na picha yako?"

Mkurugenzi hakuwa na shaka. "Iache kama ilivyokuwa. Watu hawaji kutazama kifusi."

Ningemtii, lakini lile pengo lilinivuta. Jua sasa lilifika kwenye ukuta wa nyumba ya nyuma, ambao sikuwahi kuuona. Juu kabisa palikuwa na mlango uliozibwa kwa mawe, hauna ngazi, na chini yake matundu ya boriti.

"Bibi, mlango gani ule wa kutokea hewani?"

Bi Rukia alikaza macho, kisha akashika kifua. "Wikio! Chumba kilichovuka juu ya ndia ya watu, kutoka nyumba yetu hadi ile. Nyanya yangu akipita humo kwenda kwa dadake, asishuke chini. Nalikisikia hadithi tu. Sikujua alama yake ingaliko." Akaagiza kiti, akakaa pale hadi adhuhuri.

Nilikwangua ile nyumba pichani. Ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Na mwanzo picha iliharibika kweli. Pengo lilionekana kama la jino lililong'oka. Nikarudia. Ukuta nikautia umanjano wa joto, bado ukafifia. Ilinichukua muda kugundua kwamba kosa halikuwa ukutani, lilikuwa kwenye bahari niliyoichora pembeni: maji yalimeremeta mno, yakiiba macho. Nikayapoza kwa kijivu. Ukuta ukawaka.

Mkurugenzi alipoiona alikunja uso. "Nilikwambia nini?"

"Uliniambia niiache, bwana. Lakini twende ukaone mwenyewe."

Alipanda ngazi za Bi Rukia akihema. Akanywa kahawa, akaonyeshwa mlango, akasimuliwa ya nyanya na dadake. Wakati wa kushuka alisema neno moja tu: "Itundikwe."

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza picha huisha lini. Juzi nilikwenda ukumbini, nikaona pembe ya anga ina kijani nisichokikumbuka. Je, ni rangi imegeuka kwa miaka, au ni macho yangu? Nikasogea hadi pua ikakaribia turubai.

"Mama, tafadhali usiguse," akasema mlinzi, mtu mzima mwenye mvi.

"Siigusi, baba. Naitazama tu."

Akaja kusimama kando yangu, akainama nilipoinama.

"Kwani pana nini hapo?"