Vidonge Vitatu kwa Kila Nyumba

Siku yangu ya kwanza kazini nilitukanwa. Mkuu wa maabara wa hospitali moja mjini Tabora alinikuta nimeshika kioo cha damu kwa vidole vyenye mafuta, akaniuliza kama nimekuja kukaanga vitumbua. Kisha akanikalisha mbele ya darubini na kunionyesha kimelea cha malaria: kipete chembamba cha buluu chenye nukta nyekundu, kimejibanza ndani ya chembe ya damu. Nilikuwa binti wa kijiji cha Lusu, nchi ilikuwa imejitawala juzi tu, na nilijiona nimeshika bunduki.

Miaka kadhaa baadaye nilihamishiwa zahanati ya kijiji cha Ujamaa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Tura. Bosi wangu hapo alikuwa Mganga Msaidizi. Klorokwini, dawa yetu ya malaria, ililetwa kwa treni kwenye kopo la bati, na siku zote haikutosha. Mtu mzima alihitaji vidonge kumi kwa siku tatu. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano akasema haiwezekani mmoja ameze kumi na jirani akose, basi kila nyumba yenye mgonjwa ipewe vitatu. Watu walishangilia. Mimi, niliyejua hesabu ya vidonge kumi, nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Hasira yangu inaanzia hapo, na sitaki kijana yeyote wa maabara aniambie eti hatukujua. Vimelea havifanani. Vinapozaliana, vinasaba vyao, yaani maelekezo yaliyomo ndani ya kila kimelea, hunakiliwa, na mara nyingine nakala hukosewa. Kosa moja dogo hukipa kimelea uwezo wa kuisukuma dawa itoke pale inapofanyia kazi. Ukimpa mgonjwa vidonge vitatu, unawaua wanyonge na kuwaachia wababe uwanja. Mbu huwabeba hao waliobaki, na msimu unaofuata kijiji kizima kinaugua uzao wao. Wataalamu huliita jambo hili uteuzi asilia. Kwetu uteuzi huo tulikuwa tukiupigia kura mkutanoni.

Wataalamu hao wamenieleza pia kwamba usugu wa klorokwini haukuzaliwa kwetu, uliingia Afrika kutoka mbali. Sawa. Lakini mgeni huyo alipofika kwa njia ileile iliyoleta misafara na baadaye reli, alikuta tumeshamfagilia uwanja.

Nilipanga chumba kwa Masanja na mkewe Kabula. Kabula alikuwa na watoto watatu na mimba ya miezi saba alipopata homa. Kopo jipya lilikuwa limefika, nikamwomba Mganga Msaidizi dozi kamili, akanipa. Kabula alimeza vyote kumi mbele ya macho yangu, kwa uji wa mtama, akilalamikia uchungu wa vidonge. Siku ya saba homa ilikuwa palepale. Nilimtoboa kidole, nikatazama damu. Vipete vilikuwa vingi kuliko siku ya kwanza.

Nilikimbia kwa Mganga Msaidizi kumwomba barua ya rufaa. Tabora kulikuwa na sindano za kwinini, na treni ilipita kesho yake asubuhi. Alikitazama kioo kwa muda mrefu, kisha akanisukumia daftari.

"Andika hakumeza dawa. Mpe dozi nyingine."

"Nilimwona akimeza, Mganga."

"Tukiandika dawa imeshindwa, mkoani watauliza tulikuwa tunaigawaje. Na wewe ulikuwepo mkutanoni ukipiga makofi."

Niliandika. Mkono ulikuwa wangu na kalamu ilikuwa yangu. Treni ilipita bila Kabula. Siku ya pili baada ya hapo alishikwa na degedege, akafa, na mtoto tumboni.

Masanja alikuwa amehitimu darasa la ngumbaru, lile la watu wazima, mwaka uleule. Baada ya matanga alikuja zahanati akaomba daftari, akalisoma mwenyewe, akifuatisha kila neno kwa kidole. Akaniuliza, "Dada, mke wangu alikataa dawa?"

Nikamjibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa.

Nilifanya kazi vituo vingine vinne mpaka nikastaafu, na nikapewa cheti cha utumishi mwema, ambacho nimekichoma. Klorokwini ilikuja kuachwa nchi nzima. Ajabu ni kwamba ilipoachwa, wale vimelea wababe walipungua, kwa sababu ubabe wao una gharama na dawa ilikuwa haipo tena ya kuwapa faida, na wale wa zamani wakaanza kurudi. Vijana hunisimulia jambo hili wakitabasamu. Mimi linanikera, maana Kabula hakurudi.

Mwaka niliostaafu nilipanda treni mpaka Tura, nikamtafuta Masanja, nikamwambia ukweli wote. Alikuwa mzee, macho yana ukungu. Hakunitukana, na ningependa angenitukana.

"Nimelea wanawe watatu," alisema, "nikiwaambia mama yenu alikuwa mbishi, alikataa dawa akamuua na mdogo wenu. Mimi siwezi kulifuta hilo. Kawaambie wewe."

Nimeshawaambia wawili. Wa tatu anaishi Ziba. Nimekwenda kwake mara mbili na hajanifungulia mlango, na ana haki. Mwezi ujao nakwenda tena.