Siku Niliyowamwagia Vumbi Wageni wa Mavyaa

Nimeona niseme mwenyewe, maana wamama wa kanisa kuanzia Kaloleni mpaka Changamwe washasimulia, na kila anayesimulia anaongeza chumvi yake. Ni kweli, niliwamwagia wageni vumbi la nyumba yangu. Mmoja wao alikuwa mavyaa wangu, mamake Karisa mume wangu, na wote walikuwa wamevaa nyeupe.

Sisi tunakaa Miritini, karibu na barabara ya malori, na anayepajua hapo hahitaji kuelezwa habari ya vumbi: unafuta meza, unakwenda kuanika kitambaa, ukirudi unaweza kuandika jina lako juu yake. Binti yetu Riziki, wa miaka sita, ana pumu. Daktari alituambia kwamba ukifagia kwa chelewa vumbi huliondoi, unalinyanyua tu likatue pengine (na njiani linapita kifuani mwa mtoto). Tukajaribu mashine ya kufyonza ile ya kuburura, nayo hewa inaingia mbele inatokea nyuma, humo humo chumbani. Basi Karisa, ambaye ni fundi wa mabomba, akapewa mashine ya ukutani na tajiri mmoja aliyekuwa akivunja nyumba yake, akaja kuifunga kwetu. Mashine yenyewe inakaa stoo, mabomba yanapita ndani ya ukuta, kila chumba kina tundu lake, wewe unachomeka mpira tu unafyonza, kelele zinabaki stoo na hewa inatolewa nje kwa bomba la nyuma ya nyumba. Riziki akaanza kulala bila kukohoa. Ile mashine niliipenda kuliko friji.

Mavyaa hakuiamini. Kwake yeye mwanamke anafagia, tena mapema, na asiyefagia ni mvivu hata awe na mashine kumi. Alikuwa hajasahau mtoto alivyolazwa, kabla hatujaifunga, akatuma habari kwamba Jumamosi anakuja kuiona hali, na asiporidhika atamchukua mjukuu wake akakae naye Kaloleni kwenye hewa nzuri. Hakusema kwa ubaya. Lakini Karisa hawezi kumkatalia mamake, na mimi mtoto ninaye huyo mmoja, kwa hiyo wiki nzima nilishinda nikifyonza hata palipokwisha kufyonzwa.

Jumamosi asubuhi nikasafisha nyumba, na nilipomaliza nyumba nikataka kusafisha na mashine. Hapo ndipo nilipoharibu. Ndani yake kuna chujio la kitambaa, mfano wa mfuko, linalozuia vumbi ili hewa inayotoka nje iwe safi. Nikalivua, nikalifua kwa sabuni, nikalianika, ili mavyaa akitaka kufunguliwa mashine akute hata chujio linang'aa (nani angetaka kufunguliwa mashine? Hakuna). Ndoo ya vumbi, ambayo ndiyo ilihitaji kumwagwa, nikaiacha na vumbi lake la wiki mbili.

Mavyaa akaja na wenzake watatu wa kanisani, wakielekea mkutano wa akina mama Changamwe saa tisa. Magauni meupe, vitambaa vya kichwa vyeupe, vimetiwa wanga na kupigwa pasi. Alipopita kwenye kamba akauliza ule mfuko ni wa nini, nikamjibu ni wa mashine, tukaendelea kusalimiana.

Ndani kulikuwa na joto, Karisa akawatandikia mkeka nyuma ya nyumba penye kivuli, chini ya lile bomba, akawawekea chai na mahamri, kisha akaenda dukani, Riziki akabaki na bibi yake. Simlaumu (nilimlaumu kidogo), kwa sababu siku zote hewa ya pale ni safi na Riziki huchezea hapo hapo. Mimi nikabaki ndani, nikafungua dirisha wanisikie, nikawasha, nikaanza sebuleni.

"Mama, kuna kelele yoyote mnayosikia?" nikauliza kwa sauti.

Akajibu kwamba hasikii.

"Na vumbi halibaki ndani hata chembe. Lote linatoka nje."

Nikasikia mtu anakohoa, nikadhani chai imempalia. Nikahamia chumbani nikiwa bado nahubiri, mara hii habari ya kufagia na vifua vya watoto, mpaka nilipogeuka nikamwona mavyaa amesimama mlangoni, uso umepauka kama aliyetoka kinuni kutwanga muhogo mkavu.

"Zima," akasema.

Nilipofika nyuma, Riziki alikuwa mapajani mwa mgeni mmoja, amefunikwa pua na mdomo kwa kitambaa cha kichwa cha bibi yake. Nikamvutisha dawa, nikamshika, nikawa nahesabu pumzi zake, na niliogopa hata aibu sikuiona, mpaka mwenyewe alipoomba hamri lingine. Aibu ikaja hapo, yote kwa pamoja. Chai ilikuwa imefanya utando, nguo nyeupe zilikuwa rangi ya barabara, na mavyaa akaniuliza vumbi lile ni la miaka mingapi.

"Wiki mbili, Mama. Na chujio nililitoa mimi."

Nikamweleza yote huku nalia. Akanawa uso, akaomba nguo za kubadilisha, na kwangu yalikuwepo madera tu. Basi wale wamama wanne wakaingia mkutanoni Changamwe, katikati ya weupe mtupu, mmoja ana dera la tausi, mwingine la maua ya zambarau, na walipoulizwa walieleza bila kuficha kitu.

Kabla hawajaondoka nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo za Riziki kitandani, maana sikuona la kujitetea. Mavyaa akaingia, akazitazama, akapitisha kidole juu ya kabati na kukiangalia. Hakikuwa na kitu.

"Zirudishe," akaniambia taratibu. "Huko kwangu mimi nafagia."

Riziki yuko hapa hapa Miritini. Karisa alishinda Jumapili nzima akiisafisha mashine na inafanya kazi. Siku hizi siiwashi kabla sijazunguka nyuma kutazama ni nani amekaa pale, na kufua kitu ili nisifiwe, nimekoma.