Kijiba cha Roho cha Fundi Chapchap

Fundi huyu aliitwa Chapchap kabla hajajua kutia uzi kwenye sindano. Alizaliwa wa kwanza, wadogo zake wakafuatana nyuma yake kama vifungo vya shati, na mtoto wa kwanza katika nyumba ya namna hiyo hajui kutembea. Hukimbia kuchota maji, hukimbia kuzima jiko, hukimbia kumnyanyua aliyeanguka. Alipoingia ujana aliolewa mbio, akajifunza cherehani mbio, na siku ya kwanza aliyofika kwenye duka la ushonaji la Mama Mkasi alimaliza sketi mbili wenzake wakiwa bado wanatafuta chaki. Mama Mkasi alicheka, akampa kiti palepale.

Miaka ikapita na Chapchap akawa nguzo ya chumba cha nyuma. Sare za shule zikirundikana, ni yeye. Mteja akikumbuka saa nne kwamba ana harusi saa nane, ni yeye. Lakini moyo wake ulikuwa chumba cha mbele, penye meza kubwa na kioo kirefu, ambako mteja hupimwa, huulizwa anataka nini na hushauriwa. Anayekaa pale ndiye uso wa duka. Miaka yote Mama Mkasi alikaa mwenyewe, ila sasa macho yake yalikuwa yamechoka, tarakimu za futi akizisoma kwa kukisia, na alikuwa ametangaza kwamba atamwachia mtu ile meza. Chapchap hakuona mtu huyo angekuwa nani zaidi yake.

Halafu akaajiriwa yule mwanamke.

Hakuwa mrembo wa kumgeuza mtu shingo. Alikuwa mtu mzima wa makamo, viatu vyake vimelika visigino, na magauni yake ya kazini hayakuzidi matatu, ila yote yamepigwa pasi. Kilichomkera Chapchap ni mwendo. Mteja akiingia, Chapchap huruka na kumimina maswali: karibu, karibu, ni gauni, ni sketi, unaitaka lini? Yule mwenzake hufunga mkasi kwanza. Huuweka mezani, huinuka, hufika kwa mteja, humtazama usoni na kumsalimu, kisha husubiri salamu irudi hadi neno la mwisho. Mteja akijieleza, yeye hatii "ehe, ehe" za kumsukuma amalize. Hunyamaza tu. Na wateja wakubwa wakubwa, wenye sauti za kuamrisha, walikuwa wakifika mbele yake wanashusha sauti na kunyoosha mgongo, kana kwamba wao ndio waliokuja kuomba kazi.

Chapchap akampa jina la Kobe. Alilitoa kwa ubaya, akitarajia chumba cha nyuma kizima kiangue kicheko. Kilicheka kwa siku moja. Kisha mwenye jina akalisikia, akatabasamu, akasema kobe ni mnyama ambaye hajawahi kusahau kitu nyumbani. Kuanzia hapo wateja wakawa wanamwulizia kwa heshima zote: Dada Kobe yupo leo? Jina la kashfa likawa cheo, na aliyelitunga akabaki kumeza mate machungu.

Tuseme ukweli, ilikuwa wivu. Watu huuita majina mengine wakiona aibu, lakini kile kilikuwa kijiba cha roho kamili, kikubwa, kinachokaa kooni wakati wa kula. Chapchap aliijua idadi ya pini ambazo Kobe hushika mdomoni. Alijua anavyokaa, magoti pamoja, mikono imetulia mapajani isiyotafuta cha kuchezea. Usiku alimsimulia mumewe habari za Kobe hadi mumewe akasema anaona ni kama ameoa wake wawili, mmoja hamjui sura.

Akaamua kuiga. Wahenga walishasema ukiiga kunya kwa tembo utapasuka msamba, lakini mwenye wivu hasikii wahenga. Alijifungia chumbani mbele ya kioo akajifunza kugeuza shingo polepole. Alijifunza kuingia mlangoni na kusimama kidogo kabla ya kusema. Binti yake alimkuta anavuka sebule kwa madaha hayo, akamwuliza kama mgongo umeanza tena. Chapchap alimtuma dukani, na kwa mazoea akamwambia afanye haraka.

Nafasi ilimjia siku alipokuja mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Alikuwa anastaafu, na kwa sherehe ya kumuaga alitaka gauni refu lililofunguka mbele, la mahameli ya zambarau aliyoileta mwenyewe, kipande cha kutosha na si zaidi. Kobe alikuwa ameomba ruhusa. Mama Mkasi akamwashiria Chapchap kwa kidevu: leo mbele ni kwako, nami nakutazama.

Basi Chapchap akawa Kobe. Alifunga mkasi. Aliinuka kama malkia. Alimpima mwalimu kwa mikono ya kuogelea hewani, akinyamaza penye kuhitaji neno, akitabasamu pasipochekesha, huku rohoni anahesabu sare zinazomngoja nyuma. Mwalimu alimtazama mara mbili, akauliza kwa upole kama amekula. Upimaji uliotaka dakika chache ulikula asubuhi, na mteja alipotoka Chapchap alirudi chumba cha nyuma mbio zake zote za zamani zikiwa zimemrudia na riba.

Hapo ndipo alipokosea. Mahameli ina vinyweleo. Ukiipapasa kushuka ni laini, ukiipapasa kupanda inakwaruza, na mwanga huiona tofauti: upande huu inang'aa, upande ule inakolea kuelekea weusi. Kila fundi anajua kwamba vipande vyote vya nguo moja lazima vitazame upande mmoja, hata kama kitambaa kitabana. Chapchap alijua hivyo kabla hajapata mtoto. Lakini alikuwa na haraka na kitambaa kilibana, akageuza kipande kimoja cha mbele kichwa chini ili kienee, akakata, akashona chini ya taa hafifu ya chumba cha nyuma, hakuona kitu.

Aliona kesho yake, alipolitundika gauni mlangoni penye jua. Nusu ya kifua ilikuwa zambarau, nusu ya pili ilikuwa bilinganya. Nyuma yake alisikia hatua anazozijua, zile zisizokuwa na haraka, na Kobe akasimama kando yake akalitazama gauni. Hakusema lolote. Kwa Chapchap ukimya ule ulikuwa mchungu kuliko tusi, maana alikuwa na hakika mwenzake anafurahi, na yeye angekuwa ndiye Kobe angefurahi.

Mwalimu mkuu alikuja kujaribu adhuhuri. Mama Mkasi, aliyekwisha kuambiwa na rangi yenyewe hata kwa macho yake yale, alimwambia Kobe akaongee na mteja, kwani ana ulimi wa kutuliza watu. Kobe akafunga mkasi.

"Hapana," Chapchap alisema. "Nitaenda mwenyewe."

Alivuka chumba cha mbele taratibu, na safari hii haikuwa maigizo. Hakuwa na hamu ya kufika. Alilishika gauni kwa mikono miwili akasimama mbele ya mwalimu.

"Mwalimu, nguo yako nimeiharibu mimi. Nilikata kwa pupa. Kitambaa kingine ni juu yangu, na kabla ya sherehe utakuwa na gauni."

Kwa kawaida yangefuata maelezo: taa, kipande kidogo, kazi nyingi, mtoto ana homa. Yalimjia yote ulimini akayaacha. Alisimama, mikono imetulia juu ya mahameli, akimsubiri mwalimu amalize kukasirika. Mwalimu alikasirika kweli. Aliongea kwa muda mrefu, na Chapchap akamsikiliza hadi neno la mwisho bila kutia "ehe". Maneno yalipomwishia, mwalimu alivuta pumzi, akalitazama lile gauni la rangi mbili, akasema atarudi Ijumaa, na anataka apimwe tena, na apimwe na huyuhuyu.

Mteja alipoondoka Mama Mkasi alikaa kitini pake akafuta miwani yake. Kisha akasema mbele ya wote kwamba nguo zilizoharibika ameziona nyingi katika maisha yake, ila fundi wa kusimama mbele ya mwenye nguo na kusema ni mimi, bila kutetemeka na bila kumsingizia mtu, hajamwona tangu afungue duka. Meza ya mbele ikawa ya Chapchap. Kama hiyo ni haki sijui. Duka ni lake.

Wenzake walimpongeza. Chapchap akageuka, na kwa kweli aligeuka ili amwone Kobe ameshindwa. Siku zote zile alikuwa ameota kuiona sura hiyo.

Kobe alikuwa amerudi kwenye kazi yake, hariri nyeupe ya bibi harusi, akikata haraka. Mkasi ulikuwa unakwenda kwa vishindo, pini zilimdondoka hakuinama kuziokota, taya limekaza, macho hayakutoka kwenye kitambaa. Hakuna aliyeitambua hali ile chumbani humo isipokuwa mtu mmoja, aliyekuwa ameamka nayo na kulala nayo kwa miezi, na aliyejua hasa inakaba wapi. Chapchap aliona jinsi mkono ulivyokuwa unaelekea pabaya. Furaha aliyokuwa ameiandaa haikuja.

Akaenda, akaweka mkono wake juu ya mkono ule.

"Polepole, dada," akamwambia. "Utaiharibu."